Kodi ilishuka, unga ukapanda: kuhama Kinshasa kwenda Lubumbashi

Kinshasa, kabla ya kulipa nyumba, unalipa mlango. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi, yaani amana anayoshikilia mwenye nyumba, isizidi kodi ya miezi mitatu. Naijua vizuri kwa sababu kazi yangu ni mahesabu na karatasi, na siku tulipokwenda kutazama nyumba ya Lemba, mtaa wa Righini, nilikuwa na nakala yake kwenye simu. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, aliisoma polepole, akatabasamu, akanirudishia simu kwa mikono miwili.

"Mama, hiyo ni sheria ya serikali," aliniambia kwa Kilingala. "Nyumba ni ya papa."

Papa, yaani mwenye nyumba, alitaka miezi kumi.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, saloni, jiko dogo na choo cha ndani, kodi dola 250 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe: garanti 2,500, mwezi mmoja wa komisioneri 250, juu yake kodi ya mwezi wa kwanza. Dola 3,000 zilitutoka kabla hatujaingiza hata godoro, tena noti zilikaguliwa moja moja kwenye mwanga wa dirisha, kwa maana noti iliyochanika pembeni kidogo tu hakuna anayeipokea. Nusu ya pesa ilitoka kwenye likelemba, yaani upatu, ya akina mama wa kazini, ambao walinisogezea zamu kwa huruma. Nusu nyingine tulikopa kwa binamu wa mume wangu, na deni hilo tulilibeba mwaka mzima.

Watu husema garanti ni akiba, kwa kuwa siku ya kutoka inarudi. Kwenye daftari langu niliiandika upande wa matumizi. Mwenye nyumba haweki pesa ile sandukuni. Anamalizia nayo paa la nyumba ya nyuma, analipia mtoto chuo, na siku unapotoka anakuomba umsubiri mpangaji mpya aingie na garanti yake, ndipo na wewe ulipwe. Kwa hiyo wapangaji wengi wa Kinshasa huila garanti wakiwa bado ndani: wakijua wanahama, wanaacha kulipa, na miezi inakatwa mmoja mmoja mpaka iishe. Sisi tulifanya hivyo kwa kupatana na papa, bila ugomvi, na hapo ndipo kuhama kwetu kulipopata nauli. Kila mwezi zile dola 250 ziliingia kwenye bahasha ya safari. Anayefikiria kuondoka Kinshasa na garanti yake iko kwa mwenye nyumba, azungumze naye mapema kabla hajamwambia mtu mwingine yeyote.

Kuna kodi nyingine ambayo haikuandikwa kwenye mkataba. Mshahara wangu ulikuwa wa falanga, kodi ya dola. Mwanzo wa mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu falanga 2,000. Katikati ya 2023 ilikuwa imepita 2,300. Papa hakutuongezea hata senti moja katika muda huo, hilo namshukuru, lakini nyumba iliyokuwa ikinigharimu falanga 500,000 ilikuwa sasa inakula zaidi ya 575,000, na mshahara umekaa palepale. Siku hizi mtu akiniuliza kodi ya mahali fulani, namuuliza kwanza yeye analipwa pesa gani.

Halafu barabara. Mimi nilifanya kazi Gombe, mume wangu Limete. Ukitazama ramani, Lemba na Gombe haziko mbali. Ukitazama saa yako ndani ya teksi-basi, utadhani umevuka mkoa. Madereva nao wamebuni demi-terrain: njia moja inavunjwa vipande viwili, unashushwa katikati, kisha dereva yuleyule anaita abiria wa kipande kinachobaki, nawe unalipa tena kukaa kwenye kiti ulichotoka sasa hivi. Siku za mvua unaongeza wewa, yaani pikipiki za abiria, na wewa mvua ikinyesha anataja bei anayotaka.

Tuliwahi kutazama nyumba za Mont-Ngafula na Kimbanseke ambako kodi ilikuwa nusu ya yetu. Nikachukua kalamu, nikaandika nauli za watu wazima wawili na za mtoto mkubwa, na ile nusu ikaliwa na barabara mbele ya macho yangu. Tena vilima vya Mont-Ngafula ni mchanga. Mvua kubwa ikipiga, makorongo yanafunguka. Ile ya Desemba 2022 iliua watu zaidi ya 100 mjini Kinshasa na kukata barabara kuu namba 1 pale Matadi-Kibala, barabara hiyohiyo inayoleta mizigo ya bandari ya Matadi. Wiki ile vitu vilipanda bei hata kwa sisi tuliokuwa mbali na korongo. Ndiyo kusema, dola 250 za Righini hazikuwa za vyumba viwili na saloni tu. Sehemu kubwa tulikuwa tunalipia kutokukaa mbali.

Mume wangu akapata kazi ya umeme kwa mkandarasi anayehudumia migodi, Lubumbashi. Mimi baada ya kuuliza huku na huku nikapata nafasi kwa wakala wa forodha. Nimezaliwa Likasi, karibu na huko, kwa hiyo kwangu ilikuwa kurudi nyumbani. Yeye ni mtu wa Bandundu, upande wa magharibi, na alifunga mizigo kwa uso wa mtu anayekwenda ng'ambo. Tuliondoka Julai 2023, watoto walipofunga shule.

Mizigo ndiyo iliyonifundisha jiografia ya nchi yetu upya. Kati ya Kinshasa na Lubumbashi hakuna barabara ambayo mtu mwenye akili timamu angeikabidhi friji yake. Lori linapita Kikwit, Tshikapa, Kananga, Mwene-Ditu, na linafika likitaka lenyewe. Njia ya zamani bado ipo: boti kupanda mto Kasai hadi Ilebo, halafu treni ya SNCC, shirika la reli. Kuna wanaoitumia kwa biashara, ila si kwa vyombo vya nyumbani ambavyo unavihitaji kesho. Inabaki ndege, na ndege inapima kilo. Nilizunguka nyumba nzima na karatasi ya safu mbili: kitu hiki kinauzwa bei gani hapa Lemba, na kukisafirisha ni bei gani. Vitanda, friji, meza, feni, makochi, vyote viliuzwa kwa majirani. Tulibeba cherehani, sufuria nzito za mama yangu, nguo, vyeti vya shule na karatasi. Betri ya sola mume wangu aliibembeleza mpaka uwanja wa ndege, wakaikataa.

Feni tuliyoiuza hatukuinunua nyingine. Lubumbashi iko juu, mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari, na Julai usiku kuna baridi ya kweli. Watoto wangu waliozaliwa Kinshasa walitoka nje asubuhi ya kwanza wakaona moshi unatoka vinywani mwao, wakacheza nao kwa muda, halafu wakaanza kulia. Blanketi, masweta na soksi vilikula pesa ambayo hakuna safu yoyote ya karatasi yangu ilikuwa imeitaja. Soko la mitumba lilitusaidia. Mji pia uko mbele saa moja kuliko Kinshasa, hilo halikutugharimu kitu isipokuwa mume wangu alichelewa kazini siku ya kwanza.

Tulifikia kwa yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, anayekaa Katuba. Yeye ndiye aliyetuzungusha kutafuta nyumba, na kabla hatujatoka alimtazama mume wangu kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Shemeji, toa ile jaketi ya kazi. Na bile biatu."

Jaketi lilikuwa na jina la kampuni mgongoni, na viatu vilikuwa vya usalama, vile vya pua ya chuma.

"Huku wanakuulizaka kwanza unatumika wapi," yaya alisema, "njo wanakuambia bei."

Nilidhani anatia chumvi. Tukaenda mtaa wa Golf, tukaenda Bel-Air. Nyumba ya vyumba vitatu huko Golf, safi, ukuta mrefu, kisima cha mashine: dola 700. Nilimuuliza mlinzi aliyetufungulia kama bei inaongeleka. Akacheka: "Mama, hapa ni kampuni inalipaka." Nikaelewa. Mgodi ukimpa mhandisi pesa ya nyumba, mwenye nyumba anaijua ile pesa kuliko mhandisi mwenyewe, na mtaa mzima unajipanga kwa kipimo hicho. Mwalimu, nesi na muuza duka wanaotaka kukaa hapo wanashindana na shaba na kobalti. Ndiyo maana wako watu wanaotoka Kinshasa wakiamini mikoani ni rahisi, wanashuka ndege, wanaoneshwa nyumba za Golf, na wiki inayofuata wanapiga simu kusema Lubumbashi ni ghali kuliko Kinshasa. Hawadanganyi. Wametazama Lubumbashi ya mgodi.

Lubumbashi nyingine ni ile ya komini, yaani wilaya za mji, za Katuba, Kenya, Rwashi, Kampemba, na ile mitaa mipya ya komini ya Annexe ambayo imezizunguka komini nyingine na kila mwaka inasogea porini. Huko Kalebuka tulipata nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja chenye ukuta, ambacho huku tunakiita lupango, mwembe, kisima cha kuvuta kwa kamba. Kodi dola 130. Garanti miezi mitatu. Nilitaka kumkumbatia mwenye nyumba kwa kuheshimu sheria, mpaka aliponieleza kwamba sheria hajawahi kuisikia: nyumba mpya ni nyingi huko kuliko wapangaji, na nyumba tupu wezi wanaing'oa mabati. Pamoja na mwezi wa komisioneri na kodi ya kwanza tuliingia kwa dola 650. Safari hii hapakuwa na haja ya kukopa kwa binamu.

Nusu ya kodi, robo ya kuingilia. Nilimpigia simu rafiki yangu wa Gombe usiku uleule nikamwambia tumeokoka. Hakuwa ameuliza habari ya unga, na mimi sikumwambia.

Kinshasa tulikuwa tunakula fufu ya muhogo, au ya muhogo na mahindi, kesho yake wali, keshokutwa kwanga, ule muhogo uliofungwa kwenye majani, na samaki. Kitu kimoja kikipanda, mama wa nyumba anakimbilia kingine. Muhogo unatoka Kongo-Central na Bandundu, mchele unaletwa kwa meli, na kama vyote vimepanda kuna mkate. Lubumbashi mtu anaweza kula wali, mkate, viazi na nyama, halafu jioni akakuambia tangu asubuhi hajala. Chakula ni bukari, yaani ugali, na bukari ni mahindi meupe. Mahindi ya kulisha mji huu kwa sehemu kubwa yanatoka Zambia, ama yakiwa punje ama yakiwa unga tayari, kupitia Kasumbalesa, mpaka ulio chini ya kilomita 100 kutoka hapa. Kwa hiyo bei ya chakula cha mtoto wangu inategemea mvua ya Southern Province, amri za Lusaka, na foleni ya malori mpakani.

Kazini kwangu niliiona kabla haijafika sokoni, maana karatasi za mizigo hupita mezani kwetu. Mwanzoni mwa 2024 mvua zilikatika Zambia katikati ya msimu, na Februari rais wao akatangaza ukame kuwa janga la taifa. Nchi isiyojitosha haiuzi nje. Mafaili ya unga yalipungua mezani wiki kwa wiki. Nikamwambia yaya, yaya akawaambia wanawake wa kanisani kwao, wakanunua mifuko miwili miwili. Sina hakika kama hilo lilikuwa jambo jema, kwa sababu nao walisaidia kuupandisha. Katika duka la kona yetu mfuko wa kilo 25 ulikaribia kurudufika bei. Waliokuwa wakinunua mfuko walianza kununua kwa bakuli, na bakuli siku zote ni ghali kuliko mfuko. Maskini hulipa kilo kwa bei ya juu kuliko tajiri; hili lipo kila mji, ila Lubumbashi unaliona likitokea ndani ya mwezi mmoja. Mahindi ya Kaniama-Kasese, kwenye mashamba ya Service National ya serikali, yaliletwa kupunguza moto, na kwenye vituo vya kuuzia kulikuwa na foleni za kuanzia alfajiri.

"Unga ikipanda, kila kitu inapanda," yaya alisema, na alikuwa sahihi hata pale nilipombishia. Dada wa kufua aliongeza bei yake. Fundi wa baiskeli aliongeza. Anayeuza sombe, yaani kisamvu, ambayo haina uhusiano wowote na Zambia, aliongeza pia, na nilipouliza sababu alinijibu kwa upole kwamba na yeye jioni anakula bukari.

Ardhi ipo. Ukitoka mjini kwa barabara ya Likasi au ya Kasenga unaona ardhi hadi macho yachoke. Wakati wa ugavana wa Moïse Katumbi, kati ya 2007 na 2015, kampuni za migodi ziliambiwa zilime mahindi, na zililima kwa muda. Mbolea, barabara za vijijini na bei ya kumlipa mkulima ni mambo yanayorudi kila mwaka kwenye redio, hasa mfuko unapopanda, na yanasahaulika mfuko ukishuka. Sina la kuongeza hapo isipokuwa kwamba wazee wa mtaani kwetu hawangoji. Mvua ya kwanza ya Novemba ikianguka, kila kipande cha Kalebuka ambacho hakijajengwa kinapandwa mahindi, hata kando ya njia, hata kwenye kiwanja cha mtu ambaye yuko Ulaya. Sisi tulipanda ndani ya lupango. Hayakutosha unga, tuliyachoma na kuyachemsha mabichi Februari na Machi, ila miezi hiyo jioni mbili tatu kwa wiki zilipita bila mfuko kuguswa. Mume wangu naye alipata heshima yake: yeye ndiye aliyetufundisha kuchanganya unga wa muhogo kwenye bukari, kama kwao. Watoto wa yaya walikataa kula kwetu mpaka bei iliposhuka.

Nitatoa hesabu kwa sababu watu wa Kinshasa hawaridhiki bila namba, nami ni mmoja wao. Hizi ni za nyumba moja, watu wazima wawili na watoto watatu, kwa dola. Mwezi wa kawaida Lemba: kodi 250, nauli 130, chakula 300, umeme na maji na makala (mkaa) 45, shule 90, ndugu na misiba 20. Jumla 835. Mwezi mbaya wa 2024 Kalebuka: kodi 130, nauli 60, chakula 370, umeme na maji na makala 70, shule 70, ndugu na misiba 60. Jumla 760. Yaani kodi ilishuka kwa dola 120, na mkononi zikabaki 75. Unga uliporudi chini tulibakiwa na kama 125, na kwa miezi hiyo siwezi kulalamika.

Mistari miwili ya hesabu hiyo inahitaji maneno.

Umeme na maji, kwanza, vilipanda wakati mimi nilitarajia vishuke. Waya wa umeme wa bwawa la Inga unavuka nchi tangu Kongo-Central hadi Kolwezi. Ulijengwa kwa ajili ya migodi na ulianza kufanya kazi mwaka 1982. Mume wangu, fundi, huutaja kwa mapenzi. Nyumbani kwetu Kalebuka lakini nguzo iko barabarani, waya umeingia ndani, na umeme wenyewe unakuja usiku wa manane tukiwa tumelala. Kwa hiyo tulinunua paneli ndogo na betri, na makala ya kupikia yakawa mengi kuliko Lemba, kwa sababu bukari na maharage havipikwi kwa ahadi ya SNEL, shirika la umeme. Makala yenyewe yanatoka mbali zaidi kila mwaka. Miti iliyokuwa karibu na mji imeshageuka majivu kwenye mbabula, majiko yetu ya mkaa.

Maji ni hadithi ya msimu. Tulipoingia Julai kisima kilikuwa na maji mazuri, na mwenye nyumba aliyavuta mbele yetu, akanywa. Mvua za hapa zinaisha Aprili na hazirudi vizuri mpaka Novemba. Kufika mwisho wa Septemba kamba ilikuwa inapanda na matope, na Oktoba tulikuwa tunanunua maji kwa bidoni, yaani madumu, kwa jirani mwenye kisima cha mashine, bidoni baada ya bidoni, kwa kunywa, kupika, kuoga watu watano. Righini maji ya REGIDESO, shirika la maji, yalikuwa yakija usiku, nilikuwa nikiamka kuyakinga na kunung'unika, na fakturi, yaani bili, ilikuwa ndogo. Mwaka uliofuata mwenye nyumba aliongeza kina cha kisima, tukagawana gharama, yeye akatukatia sehemu yetu kwenye kodi. Tuliandikiana karatasi.

Mstari wa pili ni ndugu. Kinshasa mimi nilikuwa mgeni. Ndugu zangu walinipenda kutoka mbali, kwa simu, na kwenye kilio, yaani msiba, nilituma pesa kidogo nikasamehewa. Lubumbashi ni kilomita kama 120 kutoka Likasi, lami yote, basi linaondoka asubuhi. Ukoo mzima ulijua tumefika kabla sijafungua masanduku. Kilio cha baba mudogo, kilio cha mama mkwe wa binamu, ndoa ya mtoto wa yaya, mwanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anayehitaji mahali pa kulala mpaka apate chumba Kasapa, karibu na chuo. Kwenye kila kilio kuna daftari la michango, na jina lako linasomwa kwa sauti. Mume wangu aliuliza mara moja tu kama kuna namna ya kupunguza mstari huu, halafu alipougua mwezi mzima na ukoo ukajaza nyumba kwa kuku, mahindi na zamu za kumpeleka hospitali, hakuuliza tena. Sijui jinsi ya kuandika kuku wale kwenye safu ya mapato.

Shule na nauli ziende haraka. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019 lakini madarasa yamejaa, kwa hiyo kama Lemba tumewaweka shule ya binafsi, na minervali, yaani ada, hapa ni nafuu kidogo. Mdogo wetu alifika na Kilingala chake, wakamcheka mwezi mmoja, sasa ananisahihisha mimi. Nauli ni nafuu zaidi kwa kuwa mji ni mdogo na foleni zake ni za saa mbili za asubuhi tu, ingawa utakaa kwenye magari yenye usukani kulia, yaliyoletwa kupitia Dar es Salaam na Zambia, yakiendeshwa katika nchi inayopita kulia. Abiria wa mbele ndiye anayemwambia dereva kama njia ya kupita gari lingine iko wazi. Nimeshaifanya kazi hiyo.

Mwaka 2025 ulituonyesha upande mwingine wa mji wa mgodi. Februari serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ili bei ya dunia ipande, na kwenye mtaa wetu mafundi wa wakandarasi wadogo walirudishwa nyumbani. Mume wangu alibaki, kwa saa pungufu. Wakati huo ndipo kodi ndogo ilipoonekana faida yake: dola 130 unaweza kuzitafuta hata mwezi mbaya kwa kushona na kuuza maandazi. Dola 700 za Golf huwezi, na najua familia iliyoshuka kutoka huko ikaja kuwa jirani yetu, na magari mawili ambayo lupango lao jipya halikuweza kuyaingiza.

Mwenye nyumba wetu alikuja mwezi uliopita. Greda limepita kwenye barabara kubwa ya mtaa, nyumba zimejaa, watu wanauliza. Alitaka 160. Tulikaa chini ya mwembe, mume wangu akatoa ile karatasi ya kisima, mimi nikatoa soda, tukamaliza kwa 145 na ahadi ya kupaka rangi ukuta wa mbele. Rangi bado.

Na rafiki yangu wa Gombe sasa anataka kuja. Mume wake ameitwa kufanya mahojiano ya kazi na kampuni moja huku. Amenitumia picha za nyumba tatu alizotumiwa na komisioneri, zote zikiwa na majani ya kijani na bustani, zimepigwa wakati wa mvua. Nimemwambia mume wake aje kwenye mahojiano bila jaketi la kampuni, asilipe chochote kwa simu, na kama anaweza kusogeza safari, aje mwisho wa Septemba, aende kwenye kila kisima na ndoo yake mwenyewe.